Kuisaka Sumu: Kutoka Sahani za Murang'a hadi Damu ya Makueni

Miaka michache kabla ya 1973, familia za wilaya ya Murang'a, kwenye miteremko ya Nyandarua nchini Kenya, zilipata wageni wa aina yake. Wageni hao walitaka chakula, na hawakukitaka cha ghalani. Walitaka kile kilichokwisha kupikwa na kupakuliwa: githeri kama kilivyo kwenye sahani, ugali kama ulivyo, hata pombe ya kienyeji iliyokuwa tayari kunywewa. Sehemu waliyopewa ilitiwa kwenye chombo na kupelekwa maabara.

Kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1973, iliongozwa na watafiti wawili, Peers na Linsell. Linsell alikuwa mtu wa kituo cha Nairobi cha IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoanzishwa mwaka 1965 chini ya Shirika la Afya Duniani. Swali lililowapeleka majikoni mwa watu lilikuwa zito: je, saratani ya ini inayowaua wakulima wa Afrika Mashariki wangali na nguvu zao inatokana na ukungu unaoota kwenye nafaka?

Aliyewahi kumuuguza mtu mwenye saratani hiyo hausahau mwendo wake. Mgonjwa hukonda mikono na mabega huku tumbo likijaa maji. Ubavu wa kulia huwa mgumu kama ubao, macho huingia manjano, na mara nyingi zinapita wiki chache tu kati ya siku ya kufika hospitali na siku ya mazishi. Madaktari wa Mulago, Kampala, waliuona ugonjwa huu mara nyingi kuliko wenzao wa Ulaya. Rejista ya Saratani ya Kampala, iliyoanza miaka ya 1950, iliwapa hesabu ya kuthibitisha walichokiona wodini. Kilichokosekana ni sababu.

Sababu ilianza kujitokeza mahali ambapo hakuna daktari wa binadamu aliyekuwa akiitafuta. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache. Walipoteza hamu ya kula, wakalegea mbawa, wakafa, na walipopasuliwa maini yao yalikutwa yameharibika. Kwa kuwa hakuna aliyejua chanzo, ugonjwa ukaitwa X. Uchunguzi ulifuata chakula cha ndege hao hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyoingizwa kutoka Brazil. Karibu wakati huohuo vifaranga wa bata walikuwa wakifa kwa wingi Kenya na Uganda, nao walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga za huku huku.

Hapo Uganda inaingia kwenye historia hii kwa namna ambayo wasomaji wengi wa Kampala hawajapata kuelezwa. Watafiti wa Uingereza walihitaji karanga zenye sumu kali ili waweze kuichuja na kuitambua. Sampuli iliyowafaa ilikuwa ya karanga zilizotoka Uganda. Kutoka kwenye karanga hizo, mwaka 1961, waliotesha kuvu anayeitwa Aspergillus flavus na kuonyesha kwamba ndiye mwenye kuitengeneza sumu ile. Jina la sumu hiyo lilitokana na jina la kuvu huyo: herufi ya kwanza ya Aspergillus, silabi ya kwanza ya flavus, kisha neno la kigeni la sumu. Ndiyo aflatoksini. Leo Watanzania huihesabu pamoja na ndugu zake katika kundi la sumukuvu, neno lililo wazi kuliko lile la kisayansi.

Namna ya kuipima ilikuwa rahisi kuitazama. Chakula kilisagwa, kikaloweshwa kwenye kiyeyushi, na tone la kiyeyushi likawekwa kwenye ukingo wa chini wa kibao cha kioo kilichopakwa unga mweupe wa silika. Kibao kikasimamishwa kwenye kimiminika kidogo. Kimiminika kilipopanda taratibu kama maji yanavyopanda kwenye utambi wa taa, kilibeba vilivyomo ndani ya tone na kuvitenganisha. Kisha chumba kikatiwa giza, ikawashwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Doa la buluu lilimaanisha aflatoksini ya kundi B, doa la kijani kundi G. Herufi hizo ni za majina ya Kiingereza ya rangi hizo, na zimebaki kwenye vitabu hadi leo. Iliyokuja kukutwa kwenye maziwa ya ng'ombe aliyelishwa sumu, na baadaye kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha, ikapewa herufi M. Kali kuliko zote ni B1.

Mwaka 1967, wakati sayansi hii ingali changa, kijana wa miaka 15 nchini Uganda aliugua baada ya familia yake kula mihogo iliyoota ukungu. Tumbo liliuma, miguu ikavimba, akafa. Daktari wa patholojia Serck-Hanssen alipoichunguza mihogo hiyo alikuta aflatoksini miligramu 1.7 katika kila kilo. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1970 ikiwa na alama ya kuuliza kwenye kichwa chake, na alama hiyo ilistahili kuwepo. Ilijulikana kwamba kijana alikula sumu, na ilijulikana kwamba ini lake liliharibika. Njia ya kuonyesha kwamba kile kilichokuwa kwenye muhogo ndicho kilichoingia kwenye ini haikuwepo. Historia yote iliyofuata ni juhudi ya kuliziba pengo hilo, na sehemu kubwa ya juhudi hiyo ilifanywa kwa chakula, mkojo na damu ya watu wa Afrika Mashariki.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupima maghala. Mwaka 1966 na 1967, Alpert, Hutt na wenzao walikusanya sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa sehemu mbalimbali za Uganda: maharage, mahindi, mtama, karanga na vinginevyo. Asilimia 29.6 zilikutwa na aflatoksini. Karamoja, ambako saratani ya ini ilikuwa nyingi, ndiko pia ambako chakula chenye sumu kilikutwa kwa wingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971.

Lakini ghala lina hila zake. Ukungu hauenei gunia zima kama chumvi kwenye mchuzi. Gunia la kilo 90 linaweza kuwa na mahindi masafi tele na punje chache tu zilizobeba sumu yote, na mkono unaochota konzi moja unaweza kuzikosa au kuziangukia. Juu ya hayo, mama wa nyumba anapochambua mahindi huondoa yaliyobadilika rangi na kuwapa kuku. Anayekoboa kwa ajili ya makande au muthokoi huondoa ganda na kiini, na sumu nyingi huondoka navyo, ingawa si yote. Kinachobaki hakiondolewi na moto wa kawaida wa jikoni, kwa sababu aflatoksini huvumilia joto kubwa kuliko la maji yanayochemka. Kwa hiyo kilichomo ghalani na kinachofika tumboni ni vitu viwili. Ndiyo maana Peers na Linsell waliamua kwenda kwenye sahani, na uamuzi huo ni wa kuheshimiwa. Walikuwa wamesogea hatua moja karibu na mwili wa mlaji.

Walichokikuta Murang'a kilifuata mlima. Kwenye ukanda wa chini, wenye joto, sumu sahanini ilikuwa nyingi na saratani ya ini ilikuwa nyingi. Kadiri walivyopanda kuelekea kwenye baridi, vyote viwili vilipungua pamoja. Wagonjwa waliohesabiwa hawakuwa wengi, na mtu mkaidi angeweza kusema kuna jambo jingine linalofuata mlima: mbu, umaskini, virusi. Hata hivyo mwelekeo ulionekana wazi.

Kuhusu virusi mkaidi huyo angekuwa na hoja. Mwaka 1965 Baruch Blumberg alieleza antijeni aliyoikuta kwenye damu ya Mwaborijini wa Australia, ambayo baadaye ilijulikana kuwa ni ganda la kirusi cha homa ya ini B. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Mwaka 1981 watafiti wa Taiwan, waliowafuatilia wanaume 22,707, walionyesha kwamba mwenye kirusi hicho yumo katika hatari ya saratani ya ini kubwa mara nyingi kuliko asiye nacho. Na kirusi hicho kilikuwa kimejaa Afrika Mashariki. Palikuwa na washukiwa wawili katika nyumba moja, na kupima sahani kusingeweza kuwatenganisha.

Kipimo kimoja cha damu kilikuwepo tayari. Mwaka 1963 Garri Abelev, akiwa Moscow, aligundua kwamba panya wenye uvimbe wa ini walikuwa wakitoa kwenye damu protini ambayo kwa kawaida ni ya kijusi. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwa binadamu mwenye saratani ya ini. Protini hiyo, alfafetoprotini, ilijaribiwa na IARC katika nchi kadhaa, na hadi leo hupimwa hospitali zetu. Ina faida yake, lakini inazungumza ikiwa imechelewa. Inasema uvimbe upo. Haisemi nani aliuleta. Watafiti wa sumukuvu walitaka alama ya namna nyingine: inayotangulia ugonjwa, na yenye jina la mhalifu.

Ili kuipata, ilibidi kwanza kujua ini linafanya nini na aflatoksini. Hapa kemia ina uchungu wake. Sumu yenyewe, ikiwa kama ilivyotoka kwenye punje, haina makali makubwa. Ini huipokea kama linavyopokea dawa au pombe, na kazi yake ya kila siku ni kugeuza vitu vya namna hiyo viweze kuyeyuka kwenye maji na kutoka mwilini. Vimeng'enya vya jamii ya saitokromu P450 huikamata B1 na kuitia oksijeni. Zao mojawapo la kazi hiyo njema ni epoksidi, kitu kisichotulia, ambacho hutafuta haraka pa kushika. Kikiwahiwa na glutathioni, mlinzi wa seli, hutolewa salama. Kikikosa mlinzi, huingia kwenye DNA na kuing'ang'ania guanini, moja ya herufi nne za vinasaba. Ini linajitia sumu kwa mikono yake lenyewe, likiwa katika kazi ya kujisafisha.

Muungano huo wa sumu na guanini haukai. Baada ya muda humeguka au hukatwa na mafundi wa seli wanaokarabati DNA, ukachujwa na figo na kutoka na mkojo. Mwaka 1977 Essigmann na wenzake wa MIT, Marekani, waliutambua kikemia. Tangu hapo ikawezekana kufikiri jambo lililokuwa ndoto: kuchukua mkojo wa mkulima na kukuta ndani yake kipande cha vinasaba vyake mwenyewe kikiwa bado kimeshikana na sumu aliyoila.

Mkojo uliotimiza ndoto hiyo ulitoka Murang'a. Mwaka 1983 Herman Autrup, pamoja na wenzake wakiwemo Wakenya Wakhisi na Wasunna, walitangaza kwamba wameona kwenye mkojo wa watu wa wilaya hiyo kitu chenye mng'ao uleule wa muungano wa aflatoksini na guanini. Wilaya ileile iliyotoa sahani zake miaka kumi na zaidi kabla, sasa ilikuwa imetoa ushahidi wa kwanza kwamba sumu ya ukungu hufika hadi kwenye vinasaba vya binadamu aliye hai. Jambo hili lingestahili kufundishwa katika kila shule ya sekondari kati ya Thika na Nyeri, pamoja na majina ya Wakhisi na Wasunna.

Mwaka 1987 timu hiyohiyo ilichapisha matokeo mapana zaidi kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Asilimia 12.6 ya waliopimwa walikuwa na alama hiyo mkojoni. Safari hii hesabu hazikunyooka: uhusiano kati ya sumu, virusi na saratani haukuonekana kwa uwazi uliotarajiwa. Sababu moja ni tabia ya mkojo. Alama yake huonyesha kilicholiwa jana na juzi, basi. Aliyekula githeri chafu mwezi mzima, kisha siku mbili za mwisho akala ndizi na viazi, anaweza kuonekana msafi. Mwaka huo huo IARC ilikwisha kuiweka aflatoksini kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, lakini mizani bora ya kumpimia mtu mmoja mmoja ilikuwa bado inatafutwa.

Mizani hiyo ilipatikana kwenye damu, mwishoni mwa miaka ya 1980. Albumini ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye maji ya damu, na hutengenezwa na ini lenyewe, palepale epoksidi inapozaliwa. Baadhi ya epoksidi hung'ang'ania albumini mpya kabla haijatoka kiwandani, kwenye kijenzi chake kiitwacho laisini, na muungano huu haumeguki. Nusu ya albumini huishi karibu siku 20 kwenye mzunguko, kwa hiyo tone la damu hubeba kumbukumbu ya miezi miwili hadi mitatu ya ulaji. Hesabu ya sahani sitini au tisini, zote ndani ya tone moja.

Sasa washukiwa wawili waliweza kutenganishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kutoka Shanghai, China, ulitumia mkojo na damu vilivyohifadhiwa vya wanaume zaidi ya 18,000. Wenye kirusi cha homa ya ini B peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini kubwa mara kadhaa kuliko wasio nacho, na wenye alama za aflatoksini peke yake nao hatari yao ilikuwa juu. Wenye vyote viwili, hatari ilipanda hadi karibu mara 60. Kirusi huharibu seli na kuzilazimisha zizaliane upya bila kupumzika, na seli inayozaliana haraka haina muda wa kurekebisha kosa la sumu kabla ya kulinakili. Nyumba iliyokuwa na washukiwa wawili ilikuwa imevamiwa na majambazi wawili wanaosaidiana.

Mwaka mmoja kabla, 1991, timu mbili zilikuwa zimeuona mwisho wa njia. Moja ilichunguza uvimbe wa wagonjwa wa Qidong, China, nyingine wa kusini mwa Afrika. Zote zilikuta kosa lilelile, mahali palepale, kwenye jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli kugeuka saratani: kwenye kituo cha 249, guanini imebadilishwa na kuwa thaimini. Guanini, ileile ambayo epoksidi huipenda. Mwaka 2000, watafiti waliofanya kazi Gambia walionyesha kwamba kosa hilo hukutwa hata kwenye DNA inayoelea katika damu. Kati ya wagonjwa 53 wa saratani ya ini, 19 walikuwa nalo. Kati ya watu 53 wasio na ugonjwa wa ini, walikuwa nalo watatu.

Kufikia hapo, alama ya kuuliza ya Serck-Hanssen ilikuwa imejibiwa. Kutoka punje hadi sahani, sahani hadi mkojo, damu hadi jeni, mnyororo ulikuwa umeungwa. Jibu hilo lilihitajika sana mahali pamoja, Ukambani, mashariki mwa Kenya.

Ukambani ulikuwa umekwisha kupigwa mara moja. Kati ya Machi na Juni 1981, watu 20 walilazwa katika hospitali tatu za wilaya ya Machakos wakiwa na manjano na ini lililovimba, na 12 kati yao walikufa. Mahindi ya nyumba moja yalikutwa na miligramu 12 za B1 kwa kilo. Daktari Ngindu na wenzake waliliandika tukio hilo kwenye jarida la The Lancet mwaka 1982. Maonyo yaliyohitajika yote yalikuwemo.

Mwaka 2004 maafa yakarudi, makubwa zaidi. Mvua ilikuwa imekosekana na njaa ilikuwa karibu, na wezi wa mazao walikuwepo. Watu wakavuna mapema mahindi ambayo hayajakauka, na badala ya kuyaweka kwenye ghala la nje lenye kupitisha hewa, wakayarundika ndani ya nyumba walimolala, wayalinde. Ni uamuzi ambao mzazi yeyote mwenye watoto wa kulisha angeufanya. Joto la nyumba na unyevu wa punje vikampa kuvu alichokitaka. Kufikia Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 walikuwa wamekufa.

Uchunguzi ulipofanyika sokoni, mahindi yakanunuliwa kwa wafanyabiashara 243 katika masoko 65. Zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi mikrogramu 20 kwa kilo, kiwango cha mwisho kilichoruhusiwa Kenya wakati huo, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Kisha wakachaguliwa wagonjwa 40 na jirani 80 wasioumwa, wakatolewa damu, na mahindi ya nyumbani kwao yakapimwa pamoja nayo. Kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa namna hii, kumbukumbu ya albumini ilisomwa mwilini mwa wagonjwa. Walioumwa walikuwa na nanogramu 1.20 za muungano kwa kila miligramu ya albumini, jirani zao 0.15. Tofauti ya mara nane. Wagonjwa pia walikutwa na dalili za homa ya ini B mara nyingi zaidi kuliko jirani. Wale majambazi wawili tena.

Takwimu inayopaswa kumkosesha mtu usingizi ni ya jirani. Mahindi ya waliougua yalikuwa na wastani wa karibu mikrogramu 355 kwa kilo. Mahindi ya jirani, watu wenye afya waliokuwa wakienda shambani na sokoni, yalikuwa na 44. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha sheria. Walioitwa salama katika utafiti ule walikuwa wakila sumu kila siku, polepole, kwa kiwango kisichotia macho manjano lakini kinachofika kwenye guanini. Kwa mtu wa namna hiyo alama ya kibayolojia ndiyo shahidi pekee, kwa sababu yeye mwenyewe hasikii lolote.

Damu ile ilipimwa Atlanta, Marekani. Mkojo wa Murang'a nao ulikuwa umesafiri kabla yake, na karanga za Uganda kabla ya mkojo. Hakuna ubaya sampuli kusafiri, na pasipo watafiti hao vifo vya Makueni vingebaki fumbo. Uchungu ni kwamba maarifa yalisafiri haraka kwenda na polepole kurudi. Kati ya 1981 na 2004 zilipita miaka 23, na mkulima wa Makueni aliyeyaweka mahindi mabichi chumbani hakuwa ameambiwa na mtu kile ambacho maabara zilikijua kupitia watu wa nchi yake.

Kilichorudi mwishowe kilirudi kwa sura mbalimbali. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 2001, Tanzania mwaka 2002, na kwa hatua hiyo jambazi mmoja alianza kufungiwa mlango. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba mahindi ya 2004 yalikuwa yamevamiwa na aina ya A. flavus yenye kutoa sumu nyingi kupindukia. Tiba waliyoipendekeza ilikuwa kuvu dhidi ya kuvu: kumwaga shambani jamaa zake wasiotoa sumu, wawahi nafasi. Bidhaa ya namna hiyo, Aflasafe, ilisajiliwa Kenya mwaka 2015 na Tanzania mwaka 2018.

Alama ya albumini nayo ilianza kuulizwa maswali mapya, na ya watoto yaliumiza kuliko yote. Nchini Tanzania, Candida Shirima na wenzake waliwafuatilia watoto 166 katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro. Walianza wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 14, umri wa kuachishwa ziwa taratibu na kuzoeshwa uji. Mwanzoni damu ilikuwa na wastani wa pikogramu 4.7 za muungano kwa miligramu ya albumini. Miezi sita baadaye, 12.9. Mwaka ulipotimia, 23.5. Mstari huo unaopanda ni mstari wa uji. Kadiri mtoto anavyotoka kwenye ziwa na kuingia kwenye bakuli, ndivyo sumu inavyomwingia. Na uji anaopewa kwa mapenzi makubwa zaidi ni wa unga wa lishe, ambao kwa kawaida huchanganywa mahindi na karanga, mazao mawili yanayopendwa na kuvu kuliko yote.

Kongwa, mkoani Dodoma, ambako Waingereza walifyeka pori kuanzia 1947 kwa Mpango wa Karanga, wakauacha mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni, imekuwa katika miaka ya karibuni mahali pa utafiti wa kuwapa watoto unga wa uji usio na sumukuvu.

Mkoa huohuo ulipata pigo lake mwaka 2016. Wilayani Chemba na Kondoa, na ng'ambo ya mpaka wa mkoa huko Kiteto, Manyara, watu walianza kuvimba tumbo, kutapika na kuingia manjano. Mwanzoni magazeti yaliandika juu ya ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulipokamilika walihesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walikuwa wamekufa. Chanzo kilikuwa mahindi.

Mpakani mambo yalichukua sura ya biashara. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni, na baada ya siku chache mlango ukafunguliwa tena kwa masharti ya vyeti. Kiwango cha Afrika Mashariki sasa ni mikrogramu 10 kwa kilo, na B1 peke yake isizidi 5. Kwa gunia, kipimo kipo. Mkaguzi huchoma bambo, mahindi yakamiminika kiganjani, yakasagwa, yakaloweshwa, na baada ya dakika chache kipande cha karatasi kikatoa mistari.

Kwa mtu, kipimo cha haraka cha namna hiyo hakijafika zahanati. Mganga wa kijiji cha Chemba anapomwona mgonjwa mwenye macho ya manjano, anachoweza kuagiza ni bilirubini na vimeng'enya vya ini. Majibu hayo yatamwonyesha kwamba ini linaumia na yatanyamaza kuhusu kinacholiumiza. Kwa hiyo anarudi kwenye maswali waliyokwenda nayo wageni wa Murang'a: mmekula nini, mahindi yalivunwa lini, yalilala wapi. Kisha anamtuma ndugu wa mgonjwa arudi nyumbani akalete konzi ya mahindi yaliyobaki.